Kobe wa Nyuma ya Kioo

Kila asubuhi nilisugua vioo huku nikiomba. Niliamini vikitakata, jua litamfikia kobe vizuri zaidi, naye atapona.

Kobe huyo aliletwa Eldoret na Bwana mdogo kabla hajaenda vitani. Bwana mdogo hakurudi. Mama yake, Memsab niliyemfanyia kazi, alimjengea kobe kibanda cha vioo kwa sababu ya baridi yetu. Ndani mlikuwa na joto la kutosha hata kukausha nguo. Lakini macho ya kobe yalivimba, pua ikatoa makamasi, na kidonda cha shingoni, ingawa nilikiosha kwa maji ya chumvi, kilikataa kufunga. Bwana mkubwa, mume wa Memsab, alikuwa ameshasema: mvua ikianza kabla hajapona, atampiga risasi, asiendelee kuteseka.

Miaka hiyo nilikuwa nikisoma masomo ya jioni kanisani, mama mzima mwenye wajukuu, nikishika kalamu kama mwiko. Siku moja mwalimu Wepukhulu alitufundisha habari za nuru. Alisema jua lina nuru nyingine tusiyoiona, na kwamba huusaidia mwili kujenga mifupa, labda hata kupigana na magonjwa.

"Mwalimu, na ikipitia dirishani?" niliuliza.

"Haipiti, Mama. Kioo cha kawaida huizuia karibu yote. Joto linaingia, yenyewe inabaki nje."

Nilishtuka, nikamnong'oneza Chepkorir, jirani yangu wa benchi, habari za kobe. Akacheka hadi akashika mbavu. "Wewe! Kwani watoto wako uliwaanika nyuma ya kioo?"

Watoto wangu wote niliwapaka samli nikawalaza uchi juani, mbele ya mlango, kama mama yangu alivyonifanyia mimi. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Na kobe nilikuwa nikimsugulia vioo!

Kesho yake nilimweleza Memsab.

"Hapana, Nasike. Nje baridi. Yeye kufa."

"Memsab, hata humo ndani anakufa."

Alikitazama kibanda. Kisha akafungua mlango mwenyewe, akamkumbatia kobe kifuani, asijali makamasi kwenye sweta yake.

Tulimweka nyasini jua likishapanda, tukamrudisha upepo ulipoanza kuuma. Tulikaa naye, mimi na mboga zangu za kuchambua, Memsab akimfukuzia nzi kidondani. Wiki zikapita. Macho yalifunguka kwanza. Kidonda kikaanza kukauka pembeni, kisha katikati. Mvua ilipopiga bati, kobe alikuwa akitafuna majani ya kabichi, na bunduki ilikuwa bado ukutani.

Nilimuuliza mwalimu kama kilichomponya ni maombi au ile nuru.

"Sijui, Mama," alisema. "Wewe uliomba nini?"

"Jua limfikie."

Alitabasamu, akaendelea kufuta ubao.

Asubuhi nilisugua vioo tena, maana ndiyo kazi yangu. Lakini mlango niliuacha wazi.