Futi za Kukalia

Mama yangu, Indu Shirke, alikuwa na swali moja tu kuhusu nyumba yoyote: "Wanakaa wanawake wangapi?"

Si kulala. Kukaa. Chini, miguu imekunjwa, kila mmoja na kibao chake cha kusukumia, wakitengeneza papadi, zile chapati nyembamba za unga wa choroko zinazoanikwa mpaka zikauke. Baba alipofariki, papadi ndizo zilizotulisha, na Mama na wenzake walizitengeneza kwenye baraza ya ghorofa ya pili, mtaa wa Lalbaug, Bombay, katika jengo kuukuu la wafanyakazi wa viwanda vya nguo. Kila familia chumba kimoja, na mbele ya milango yote baraza moja ndefu. Hapo tulikula, tukagombana, tukaanika nguo na papadi. Hapo pia ndipo niliposemwa siku nilipoacha chuo cha usanifu majengo katikati ya mwaka wa tatu. Jengo zima lilichangia.

"Injinia Nusu," Tarabai wa mlango wa pili alinibatiza. Jina likakaa mpaka leo.

Sasa mwenye jengo akataka kulibomoa, akatulipa tuondoke. Pesa yenyewe ilikuwa ya nyumba moja, mara moja, basi. Tukikosea hakuna marudio. Wenzake Mama wengi walikuwa wanahamia Thane, mji wa jirani, kwa hiyo na sisi tukatafuta Thane. Na Mama alishasema: nyumba isiyowakalisha wenzake haitaki, hata kama ina vigae vya dhahabu.

Dalali alikuwa kijana wa Kigujarati, Hemal Doshi, shati jeupe kama maziwa, simu mbili, zote zinalia. Akatupeleka kwenye jengo lililokuwa bado nguzo na vumbi, akafungua ramani juu ya tofali.

"Shangazi, futi za mraba mia sita hamsini! Jumamosi unaweka amana, limekwisha."

Chumba chetu kilikuwa mia moja themanini. Mama alishika kifua. Nilimwona anawapanga wanawake kichwani, safu kwa safu.

"Za zulia ni ngapi?" nikauliza.

Hemal akaikagua simu ambayo haikuwa imelia. "Kaka, wewe ni injinia?"

"Nusu."

"Mia nne ishirini hivi."

Za zulia ni zile unazoweza kutandika zulia, ndani ya kuta zako. Hilo nilijifunza chuoni kabla sijakimbia. Nikamuuliza zilizobaki ziko wapi. Akaanza kuhesabu kwa vidole, sauti ikishuka kila kidole: kuta zenyewe, fungu lako la ngazi, fungu lako la lifti, la ukumbi wa kuingilia, la kibanda cha mlinzi.

Nikamgeukia Mama nikitegemea atalipuka. Akatabasamu!

"Si vizuri hivyo? Kwetu baraza haikuwahi kuhesabiwa na mtu, na ndipo tulipoishi. Hawa angalau wana adabu, wameihesabu."

"Mama, huo ukumbi si baraza."

"Nimeulipia, au sijaulipia?"

"Utakuwa umeulipia."

"Basi nitakaa. Tena umesikia kuna marumaru? Papadi hazitashika vumbi."

Usiku ule nilimchorea, nikamweleza, nikapiga mahesabu nyuma ya kalenda. Akaniambia angenisikiliza zaidi kama ningemaliza ile nusu nyingine. Kwa watu wa jengo letu, mahali unapopita ni mahali pako. Miaka yote hiyo hakuna aliyetufukuza kwenye baraza. Angejuaje kwamba kuna watu wanalipia sehemu wasiyoruhusiwa kuikalia?

Maneno yakanishinda. Lakini mzaha haujawahi kunishinda.

Kesho yake nikamwendea Tarabai. "Shangazi, mnaonaje twende Thane tukaionje nyumba ya Mama?"

"Kuionja na nini?"

"Na vibao vyenu. Na unga."

Alinitazama vizuri, kisha akaanza kucheka mpaka vikuku vikalia. "Wewe mtoto utatufungisha. Tunaondoka saa ngapi?"

Mjenzi wa lile jengo la nguzo na vumbi alikuwa na jengo jingine jirani, lililokamilika na kuhamiwa, lenye ukumbi uleule. Tukaingia sote, Mama mbele, sari yake ya kijani ya sikukuu. Marumaru ilikuwa inang'aa unaona meno yako. Wanawake wakatandika shuka safi, wakakaa, donge la unga likapita mkono kwa mkono. Mama akasukuma ya kwanza, akainyanyua kwenye mwanga. Nyembamba, ya duara kabisa. Alikuwa na furaha ambayo sijui kuieleza, na mimi nikaanza kujutia niliyoyapanga.

Mlinzi akatoka mbio kibandani. "Nyie! Mnafanya nini? Hapa si sokoni!"

"Punguza sauti, mwanangu," Tarabai akamwambia bila kuacha kusukuma. "Tumekalia futi zetu. Na wewe hicho kibanda chako tunakununua nacho, kwa hiyo tuheshimiane."

"Ondokeni kabla sijaita wenyewe!"

"Wenyewe ndio sisi. Tunajaribu."

Mwanamke mmoja akatoka kwenye lifti na mbwa wake mdogo. Akatuangalia juu mpaka chini, akamwambia mlinzi, kana kwamba sisi hatusikii, "Watoe hawa." Akapita.

Mama akaacha kusukuma. Akaanza kukwangua unga kwenye vidole, taratibu, na hapo nikatamani mzaha wangu wote niumeze. Nilitaka aone. Sikutaka aambiwe hivyo.

Hemal, dalali wa majengo yote mawili, akafika anahema, mlinzi alishampigia. "Kaka Pandurang! Unataka nife njaa? Shangazi, tafadhali, inukeni."

Mama hakuinuka. "Mwanangu, nikuulize. Nikishanunua, nikawa na funguo zangu, nitaweza kukaa hapa na wenzangu?"

Nilijua uongo mzuri alikuwa nao tayari, ndiyo kazi yake. Akafungua mdomo. Akamtazama Mama, akaufunga. Halafu na shati lake jeupe akachuchumaa pale pembeni ya shuka.

"Hapana, shangazi. Hata viatu huruhusiwi kuacha."

"Basi nanunua nini?"

"Unanunua mia nne ishirini. Zilizobaki unapita tu." Akajikuna shingo. "Mama yangu nilimnunulia kwenye jengo kama hili. Ghorofa ya kumi na moja. Siku nzima anaongea na televisheni."

Tarabai akamsogezea kibao. "Shika, usukume. Mikono mitupu haikai hapa."

Ya kwake ilitoka kama ramani ya nchi isiyojulikana. Wanawake wakacheka, Mama naye akacheka, na mlinzi maskini akageuka asionekane kwamba anacheka.

Amana hatukuweka. Jumamosi ile Hemal mwenyewe alitupeleka kwenye jengo la zamani nyuma ya stesheni, halina lifti, halina marumaru, rangi imebanduka. Kwenye tangazo nyumba ya pale iliandikwa futi mia tano sitini tu, ndiyo maana hakuna aliyeitazama. Akatangulia kusema kabla sijamuuliza: "Za zulia mia nne tisini, kaka. Pima."

Nilitoa futi yangu ya kupimia. Mama akaisukuma pembeni.

"Tarabai, kaa kule dirishani. Shakuntala, hapo. Wewe na wewe, ukutani." Aliwapanga hivyo wote kwenye sebule ndefu, mwenye nyumba akishangaa mlangoni. Walipoisha, akapita katikati yao akiwa amebeba sinia tupu, huku na kurudi, hakumkanyaga mtu. Akasimama mbele yangu.

"Haya, Injinia Nusu. Hizi zote ni zangu?"

"Zote, Mama. Hakuna wa kukutoa."

Akanishika kidevu kwa vidole vyenye unga. Hakusema asante, kwetu mama hamshukuru mwanawe. Lakini jioni ile nilipakuliwa wali kwanza, kabla ya mgeni, na mgeni alikuwa Hemal.

Nawashukuru wote: Tarabai kwa mdomo wake, mlinzi kwa kutofika haraka, na Hemal, aliyepoteza kamisheni nono akapata ndogo. Mama naye alimshukuru kwa njia yake. Siku ya kwanza ya kazi pale Thane, wenzake walipokwisha kukaa, niliona kuna kibao kimoja karibu na dirisha hakina mtu. Nikauliza cha nani.

"Subiri," Mama akasema, "anapanda ngazi pole pole."

Mlango ukagongwa. Alikuwa bibi mmoja wa Kigujarati, anahema, na mti wake wa kusukumia mkononi. Nyuma yake Hemal amembebea viatu.

"Viatu acha popote," Mama akamwambia.