Pacha Wawili, Rekodi Moja

Nilikuwa na kiburi cha kazi, nakiri. Katika utafiti ule wa figo kila mshiriki alipewa namba ya siri, na programu niliyoisimamia mimi ndiyo pekee iliyojua namba fulani ni ya nani. Ikikuta watu wawili wanaofanana kwa jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, mtaa na simu, huuliza: ni mtu mmoja? Kanuni ilikuwa tupige simu kwanza ndipo tujibu.

Ijumaa moja zilinijia jozi arobaini za namna hiyo. Nilipofika kwenye jozi moja ya wanawake, muuguzi wetu alichungulia begani kwangu.

"Kaka, hao wapigie."

"Dada nawe! Huyu kajiandikisha mara mbili, anataka miche miwili ya ile sabuni tunayowapa washiriki."

Tukacheka. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda zangu nyumbani. Programu ikaziunganisha rekodi, ikashika majibu yaliyoingia mwisho, ambayo yalikuwa mazuri, na yale ya kwanza, mabaya, ikayafungia ndani. Simu yao ikapokea ujumbe mmoja: figo zako ni nzima.

Miezi minane baadaye aliingia mwanamke mmoja ofisini, kitenge kimemkaa vizuri, sauti ya upole.

"Mwanangu, samahani kwa usumbufu. Pacha wangu amelazwa hapo juu, figo zimekufa. Nataka kumpa moja yangu. Nitolee majibu yangu ya ule utafiti."

Pacha! Nilifungua rekodi, nikaziona namba mbili chini ya jina moja. Ningeweza kumdanganya, wallahi, nani angejua? Lakini ulimi ulinitangulia, nikamweleza yote, hata ule mzaha wa sabuni.

"Daktari anasema tungewahi, vidonge vingemtosha," alisema polepole. "Ule ujumbe tuliusoma pamoja. Tulishangilia, tukajua ni wetu sote."

"Mama, programu iliniuliza kama ninyi ni mtu mmoja…"

"Ilikuuliza wewe. Na wewe mbona hukutuuliza sisi? Simu ilikuwa hewani siku zote."

Niligeukia kompyuta, nikawatenganisha mbele ya macho yake. Ilichukua dakika moja, pengine haikufika. Majibu ya pacha wake yakajitokeza na alama nyekundu: aitwe haraka.

Aliyasoma, akajifunga kitenge upya.

"Haya, inuka," akasema. "Twende ukamwambie mwenyewe."