Mkeka wa Mbele

Nianze na jambo moja, tusije tukagombana huko mbele: nyumba hii ya Mtaa wa Likoma ni yangu. Niliachiwa na marehemu baba yangu, mzee Rajabu, mimi peke yangu. Ghorofa zimenizunguka pande zote, na madalali hawaishi kugonga mlango, eti Mama Shamsa uza, ukajenge nyumba ya kisasa Mbweni. Nawaambia wakauze za mama zao. Mbele nimepangisha fremu kwa Josepha, Mchaga wa Kilema anayeuza mchele na maharage kwa jumla. Nyuma kuna ua mpana kuliko unavyodhania ukiwa barabarani, na habari yangu ni ya huo ua.

Mume wangu, Mlamali, ni Mngazija. Alikuja Dar kijana, akaomba kuweka cherehani yake kwenye baraza letu, akanioa, na cherehani ipo palepale mpaka leo. Kila tarehe sita Julai, siku nchi yake ya Komoro ilipopata uhuru, Wangazija wa Kariakoo na Magomeni hukusanyika uani kwangu. Kesho yake inakuwa Sabasaba yetu, kwa hiyo mtaa mzima umeshachangamka na hakuna anayeuliza zile kelele za nini. Mambo haya aliyaanzisha Mlamali. Mwanzoni walikuwa watu wa kuenea kwenye jamvi moja: mabaharia, mafundi nguo, muuza marashi mmoja. Walikula, wakaimba wimbo wao wa taifa nusu wamesahau maneno, kisha Mlamali akasimama chini ya bendera, akasema machache na kuomba dua. Miaka yote ikawa hivyo, na mimi nikazoea kumsikia mume wangu akinyanyua sauti siku moja tu kwa mwaka, maana siku nyingine zote ni mtu wa kunong'ona.

Sasa sikiliza mila yao. Kwao mwanamume hawi mtu mzima kwa mvi wala kwa wajukuu. Anakuwa mtu mzima akifanya harusi kubwa, wenyewe wanaiita anda: ng'ombe wanachinjwa, dhahabu inatolewa, mji mzima unalishwa. Aliyeifanya huvaa joho, hukaa mbele, na hupewa nafasi ya kusema hadharani. Asiyeifanya, hata akiwa kibogoyo, ni mtoto wa mji. Anakaa nyuma na vijana, anahudumia, na mbele ya wakubwa hafungui mdomo.

Mlamali hakuifanya. Sababu naijua vizuri, maana nililala nayo chumba kimoja. Wangazija wengi huja Dar kutibiwa, na wasio na ndugu hapa walielekezwa kwetu. Kila Mlamali alipoanza kudunduliza ya anda, mlango uligongwa. Leo mama na mtoto mwenye tundu la moyo, kesho mzee wa figo. Dhahabu yote iliishia kwenye dawa, na mara nyingine kwenye sanda. Mimi sikunung'unika. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo nilivyolelewa. Lakini majoho ya wenzake mume wangu ameyatarizi na kuyapinda maisha yake yote, na lake hana.

Mwaka huu ndipo Boinaheri akatuletea maneno. Boinaheri ana duka la vyombo karibu na sokoni, anapeleka makontena Moroni, na mwaka jana alirudi kwao akafanya anda. Aliporudi Dar wakamfanya mwenyekiti wa chama chao, ingawa ni mdogo kwa Mlamali kwa miaka ishirini. Alitukuta barazani, Mlamali yuko kwenye cherehani, mimi nachambua mchele.

"Shikamoo, shemeji," akaniambia.

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

Hakukaa. Akamgeukia mume wangu. "Kaka Mlamali, sita Julai ya safari hii wanakuja wakubwa kutoka nyumbani. Watu wa anda. Hatuwezi kufanya mambo kiholela kama zamani. Mkeka wa mbele, chini ya bendera, watakaa wao. Kufungua nitafungua mimi. Na wewe... unajua mwenyewe, kaka."

Mlamali hakuacha kukanyaga cherehani. "Najua," akasema. "Mila ni mila."

Niliweka ungo chini. "Mila ya nani? Kwenye ua wa nani? Wangapi wamelala kwenye mikeka hii, Boinaheri, wakanywa uji wangu, na hakuna aliyeniuliza mume wangu ameoa kwa ng'ombe wangapi..."

"Zena!" Mlamali alisimamisha gurudumu kwa kiganja. "Mgeni hasimangwi."

Nikaokota ungo wangu, kwa sababu hapo alikuwa na haki. Masimango ni uchafu. Boinaheri akaaga kwa adabu zake zote na kwenda, na mimi nikamgeukia mwenzangu.

"Baba Shamsa, unafukuzwa kwenye ua wa mkeo, unajibu mila ni mila?"

"Sijafukuzwa. Nimepangwa."

"Umepangwa nyuma!"

"Ndipo pangu. Sijafanya anda, Zena, na hilo halina ubishi." Alichomoa uzi kwenye sindano, akautazama, akaurudisha. "Mimi ni mtu wa ugenini. Siku nikifa, hao ndio watakaonibeba, hao ndio watakaoniombea kwa lugha ya mama yangu. Nikiwavunjia heshima wataniacha. Nani atanizika?"

"Mimi sipo?"

"Mwanamke haendi makaburini," akasema taratibu, na akaendelea kushona.

Neno hilo liliniuma. Niligundua kuwa mume wangu ameishi kwangu muda wote huo kama mpangaji anayeogopa siku ya kuhama. Mimi nilidhani ameshafika. Nilikasirika na Boinaheri, nikakasirika na wakubwa ambao sijawaona, lakini zaidi nilikasirika na Mlamali, maana alikuwa anakubali.

Siku ilipofika nilipika hata hivyo. Sina tabia ya kununia chakula. Josepha alifunga fremu mapema akaja kunisaidia kukuna nazi za mataba, kile kisamvu chao kinachopikwa mpaka kinatoa mafuta. Nikamsimulia yote.

"Mama Shamsa, hata sisi tuna mambo yetu," akasema. "Krismasi tukipanda Kilema, nyama ina wenyewe. Huyu kidari, huyu mguu, ukikosea mnanuniana mpaka Pasaka. Lakini mwenye boma kusogezwa nyuma bomani kwake? Hiyo sijawahi kuiona."

"Hajasogezwa, dada. Kapangwa."

Alasiri watu wakaanza kuingia. Vijana wa Magomeni walikuja na spika, wanawake wakaja wamejifunga nguo zao nyekundu za shiromani, nyuso zimepakwa liwa. Bendera ilikuwa mahali pake pa siku zote, ukutani upande wa mlango wa nyumba, na chini yake vijana wa chama walitandika mkeka mpya na mito. Mikeka mingine ikafuata nyuma, mpaka wa mwisho kabisa ambao ulikuwa mlangoni pa jiko langu, moshi unaupiga. Wakubwa wakaingia na majoho, harufu ya udi imewatangulia, wakaongozwa mbele. Boinaheri alikaa katikati yao, joho lake linameta kifuani. Shingo ya joho hilo niliiona ikishonwa barazani kwangu.

Mlamali alikuwa amevaa kanzu nyeupe niliyompigia pasi asubuhi. Alikuja akasimama kwenye mkeka wa mwisho, pamoja na vijana. Nikasema basi, atakaa, yatapita. Lakini kijana mmoja akamnyooshea birika na beseni, bila ubaya, kama anavyompa mwenzake, maana kazi ya watu wa nyuma ni kuwanawisha wa mbele. Mlamali akapokea. Akatembea mpaka mbele, akapiga magoti kwa shida ya goti lake bovu, akaanza kumimina maji kwenye mikono ya Boinaheri.

Boinaheri alinawa akiwa anaongea na mtu mwingine.

"Mungu wangu," Josepha alisema nyuma yangu. Nikafuta mikono kwenye khanga, nikachukua kigoda cha mbuzi ya nazi, nikapita katikati ya mikeka. Sikumkanyaga mtu. Boinaheri alikuwa ameshapewa maiki, anasafisha koo. Nikaweka kigoda ukutani, nikapanda, nikaanza kung'oa misumari ya bendera.

"Shemeji," sauti ya Boinaheri ikatoka kwenye spika, ikasikika mpaka barabarani, "unafanya nini?"

"Natoa kitu kwenye ukuta wangu."

"Bendera ya nchi hiyo!"

"Najua. Ndiyo maana siikunji."

Nilishuka nayo begani, nikarudi nilikotoka. Nikaitundika kwenye kamba ya kuanikia nguo, juu ya mlango wa jiko, nikaibana kwa vibanio vitatu, nyota nne zote zinaonekana. Kisha nikawageukia.

"Mmesema wakubwa wakae mbele, na mbele ni chini ya bendera. Mimi sibishani na mila ya watu. Bendera hiyo hapo. Geukeni."

Vijana wa mkeka wa mwisho waliangaliana. Ghafla wakawa wao ndio wa mbele. Mmoja akacheka, akaziba mdomo, kisha wakacheka wote, na wanawake upande wao wakaanza kugeuza makalio kwenye mikeka wakitazama jikoni. Mzee mmoja wa joho, mkubwa kuliko wote na masikio yameshachoka, alinyanyua fimbo yake bila kuuliza kitu, akaja taratibu akaketi kwenye moshi, karibu na bendera. Alidhani ndio utaratibu.

Boinaheri alisimama. "Bi Zena, wewe si Mngazija. Mambo haya huyajui."

"Kweli kabisa. Si Mngazija, na ndiyo maana hayanifungi. Ninyi mkikosa heshima hapa mtaulizwa na wenzenu. Mimi nani ataniuliza? Hapa ni kwetu. Mcheza kwao hutunzwa, baba, na mimi leo nacheza kwetu."

Boinaheri alifanya jambo la akili zaidi ya kunijibu, akamtazama mume wangu. Mlamali alikuwa bado amepiga magoti pale palipokuwa mbele, birika mkononi, na maji yalikuwa yamemwagikia mkeka mpya.

"Kaka Mlamali," Boinaheri akasema kwa upole, "mwambie mkeo arudishe bendera."

Mlamali aliweka birika chini. Akajiinua kwa kushika ukuta, akajipangusa mikono kwenye kanzu, akaanza kuja kwangu. Hakunitazama. Nilimjua mume wangu, nikajua anakuja kuitoa, na atanisemesha kwa upole mbele ya watu wote, na upole huo utanichoma kuliko kofi. Nilisogea kumpisha. Sikuwa na nguvu ya kupigana na yeye pia.

Alifika chini ya bendera. Hakuigusa. Akageuka, akawaelekea watu, akafumbua mdomo.

"Mlamali!" Boinaheri hakuwa na upole tena. "Ukisema neno mbele ya wakubwa, siku yako ya kufa usitutegemee. Hatutakuja."

Huko nje wapagazi walikuwa wanapiga kelele za kuomba njia. Lile neno alilokuwa akiliogopa Mlamali tangu ujana wake lilikuwa limesemwa, kwa spika, mbele ya kila mtu anayemfahamu.

"Basi msije," akasema.

Boinaheri alibaki na maiki mkononi.

"Msije," Mlamali akarudia, na mara hii sauti ilipanda, ile ya siku moja kwa mwaka. "Nitazikwa na majirani zangu. Wamenizoea. Lakini leo ni sita Julai, na watu wana njaa. Vijana, leteni masinia. Anzeni huku."

Boinaheri aliondoka na wakubwa wawili, majoho yao yakikwaruza ukuta wa ujia. Yule mzee wa fimbo alibaki, akauliza kwa sauti kubwa kama mataba yana pilipili. Na Mlamali, amesimama kwenye moshi wa jiko langu, akainua mikono akaanza dua ya kufungua, kwa Kingazija, bila kunong'ona.

Nilitaka nimpigie vigelegele. Nilifungua mdomo, sauti ikagoma, machozi tu ndiyo yaliyotoka, nimeshika upawa kama mjinga. Josepha akaninyang'anya ule upawa, akavuta pumzi, akavipiga yeye.