Paja la Swala Bila Siki

Paja la swala lilifika nyumbani Jumamosi mchana, limefungwa kwenye mfuko wa saruji, zawadi ya bosi. Mume, ambaye ni dereva wa bosi huyo, aliliweka kwenye karo akanawa mikono. Mke ni fundi cherehani na hakuwahi kupika nyama ya porini. Alilizunguka kama kitambaa cha mteja mkorofi, akitafuta pa kuanzia kukata.

Mwenye ujuzi huo alikuwa mama mkwe, naye alikuwa amekwenda kumjulia hali jirani. Nyama ya porini hulazwa kwenye siki usiku kucha ili kumbukumbu itoke. Wapo wanaosema kinachotoka ni harufu. Waache waseme. Mke hakujua hili wala lile. Alikatakata, akatia vitunguu, tangawizi na nyanya, akabandika.

Ilipochemka, sufuria ilianza kupumua. Kifuniko kilipanda na kushuka polepole. Mke alikiwekea kinu cha kutwangia vitunguu saumu juu yake, akarudi kwenye cherehani kumalizia suruali ya watu.

Jioni mama mkwe alipakua kwanza sahani ya mwanawe mdogo, akaifunika. Kijana huyo alikuwa mlinzi wa uzio kwenye shamba la bosi yuleyule. Mvua za mwaka jana alitoweka, na bosi akasema ametoroka kazi, ndivyo walivyo vijana wa siku hizi. Mama hakubali wala hakatai. Hufunika sahani tu, na kila asubuhi anapoifunua, roho humuuma upya.

"Umeiloweka?" aliuliza, akinusa.

"Kuloweka nini, Mama?"

"Haya, basi. Tule."

Kwa tonge la kwanza, chumba kikashuka. Wote watatu wakawa wanatazama kutoka kimo cha goti, katikati ya nyasi ndefu, na masikio yao yakageuka yenyewe. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya uzio, akikataa amri ya kuufungua ili wanyama wa hifadhi ya jirani waingie shambani wapigwe risasi. Bosi aliinua bunduki. Kisha akampakia nyuma ya gari, akashuka naye hadi kisima kilichokauka, akarudishia mawe. Swala akaendelea kula majani.

Mama mkwe alimeza.

"Kumbe yuko karibu hivi," alisema. "Nami nilidhani yuko nchi za watu, hana hata sweta."

Mume aliweka mfupa chini. "Jioni ile niliosha damu kwenye gari. Bosi aliniambia ni ya mnyama."

"Uliiosha vizuri?"

"Vizuri, Mama."

"Wewe msafi tangu utoto."

Mke alilia, na hakuna aliyemnyamazisha. Alipomaliza akafuta uso kwa kanga, akasema waende polisi.

"Tukamtaje shahidi gani, mchuzi?" mume alisema. "Paja la pili nimelipeleka mwenyewe kwa mkuu wa kituo. Na mpishi wake anajua siki."

Wakamaliza kula, maana chakula hakitupwi.

Mkono wa bosi si wa birika. Kila akiwinda huwakumbuka. Mama mkwe hafuniki tena sahani. Huupokea mfuko mlangoni, huunusa, humpa mkwewe.

"Usiiloweke, mwanangu. Pengine huyu naye alimwona."

Mara nyingi hakuna kitu, ni nyasi na mvua tu, naye hula mpaka mwisho asije akapitwa. Mara moja mnyama fulani alikuwa amemwona kijana ameketi chini ya uzio, anamenya chungwa, anajichekea peke yake. Siku hiyo mama alinyonya mifupa yote na akaomba na ya mkwewe.

Mume hula kwenye sufuria yake ndogo.

"Yangu iloweke sana," humwambia mkewe kwa sauti ya chini, akipangusa ufunguo wa gari. "Kesho niko kazini."