Mke wa Kwanza wa Hekta Moja

Shamba la Philomène, nyuma ya nyumba yake pembeni mwa Shituru, lilikuwa dogo hata trekta ingeingiza kichwa mkia ukabaki nje. Ndivyo alivyosema mwenye trekta, wala hakuwa akitania: chini ya hekta moja ya nyumba moja hapeleki mashine, maana itamaliza mafuta kwa kugeuka tu. Na mvua zilikuwa mlangoni. Mwaka jana Philomène alilima kwa jembe, mgongo ukamwangusha katikati, akapanda wenzake wakipalilia, akavuna mabua. Akikosa trekta na mwaka huu, watakula nini?

Mumewe Georges, mstaafu wa kiwandani, ndiye aliyeleta werevu. Waunganishe shamba na la jirani yao Germaine, mjane mlokole. Hekta itatimia, na dereva aambiwe wote wawili ni wake zake. Alilisema haraka mno, kama mtu aliyekwisha kulifikiria. Germaine alikubali yote isipokuwa jambo moja.

“Minye siwezi kuwa bibi ya pili, hata kwa bongo, hata kwa kudanganya tu. Minye ni wa kwanza.”

Lo! Ndoa ya kanisani, mbele ya padri, kisha uwe mke mdogo kwa mumeo mwenyewe! Lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye Philomène akainama, na mgongo wake ule ule.

Siku ya kulima, Chadrack, dereva wa trekta, alimwita Germaine mama mukubwa asubuhi nzima. Germaine akaketi kivulini, akamtuma Philomène maji, akasema hayana ubaridi. Georges alitabasamu hadi taya zikamchoka. Philomène alivumilia mpaka udongo wote ukageuzwa. Hapo akaingia ndani, akatoka na furushi la nguo chafu za Georges, akalitua miguuni pa Germaine.

“Yaya, dada yangu mukubwa, zamu yako inaanza leo. Anapendaka kula bukari ya moto, na anakoromaka.”

Germaine alilitazama furushi. Akamtazama Georges, ambaye alikuwa amekwisha kusimama na kujipangusa suruali. Kisha akamgeukia Chadrack, akakiri mbele za Mungu kwamba yeye ni jirani tu.

Philomène aliingiwa na hofu. Chadrack aliendelea kufunga jembe la trekta.

“Bamama, juma hii nzima nalimia babwana ya babibi ine, tano. Kule Kakontwe bwana mumoja alikuwa na babibi saba. Nilibauliza babibi wote saba jina ya bwana yabo. Hakuna hata mumoja mwenye alijua.”