Hodi ya Seneta

Seneta Hruska wa bunge letu la jimbo alikuja Jumamosi kuomba kura, theluji imemjaa mabegani. Nilimfungulia mlango ila sikumkaribisha ndani.

"Mama Kessler, ile sheria mpya ya umeme nimeipitisha mimi," alisema akitabasamu. "Sasa kampuni inakata na kurudisha umeme kwa kompyuta. Haitumi tena gari, gharama zimeshuka."

"Bili yangu imepanda."

"Itashuka tu. Vuta subira."

Sheria ya zamani ilimlazimisha fundi apige hodi kabla ya kumkatia umeme mwenye deni. Kwa dada yangu Lorene, nyumba ya pili, alikuwa akija fundi Duane. Akimwona Lorene na mpira wa oksijeni puani, mashine ikinguruma kando yake, aligeuza gari akaripoti kuwa kuna mgonjwa, na umeme ukaachwa. Sheria ya Hruska ilifuta hodi hiyo, Duane naye akapunguzwa kazini. Februari, mtu fulani huko mjini akabonyeza kitufe. Nilimkuta Lorene kitini pake, mwili umeshapoa.

Nilimweleza seneta yote hayo.

"Pole sana, mama. Lakini wanatuma ujumbe kwenye simu kwanza."

"Lorene hakuwa na simu ya mkononi. Alikuwa na mlango."

Alininyooshea kipeperushi chenye picha yake. Sikukipokea.

"Nyumba ile ya pili umepita?" nilimuuliza.

"Nimepita. Nimepiga hodi mpaka mkono ukauma, hakuna aliyefungua."

"Kumbe kupiga hodi unajua," nikamwambia, nikafunga mlango.