Mapafu ya Chupa

Jana usiku niliota nimeitwa shuleni kwa binti yangu Kemunto, wa gredi ya tano, na niende na mapafu yake.

Mapafu yenyewe, ya mfano kwa somo la sayansi, niliyaunda mimi. Siku hizi sayansi hainakiliwi tena ubaoni. Mtoto hujifunza kwa mikono yake, na mikono hiyo, kila mzazi anajua, ni ya baba. Nilichukua chupa ya maji, baluni mbili, mrija na gundi, nikamwambia Kemunto akae kando asije akaniharibia kazi. Nilitaka apate "Anazidi Matarajio", alama ya juu kabisa. Kusema kweli, nilitaka nipate mimi.

Darasani wazazi tumebanwa kwenye madawati madogo, magoti yametufika kidevuni. Mwalimu Kerubo anasoma kanuni mpya: "Kila mwanafunzi atatumia kiungo alicholeta."

Hakuna anayeshangaa. Moraa, ambaye mama yake alimtengenezea figo za maharagwe, amekwenda msalani tangu asubuhi na hajarudi. Ongeri ana meno ya mahindi, na kuku wa shule wanamfuata kila aendako.

"Kemunto, vua mapafu yako uvae haya."

Anayavua kama sweta, anayakunja vizuri, anayaweka chini ya dawati.

Nasimama. Dawati linasimama nami. "Mwalimu, tafadhali! Hayo yanavuja!"

"Kosa langu?" chupa inauliza kwa hasira. "Mimi nilikuwa ya maji. Mambo ya pumzi sikuyasomea. Nani alinipaka gundi ya karatasi?"

"Basi nipeni niyavae mimi!"

"Baba Kemunto, jina lako halimo kwenye rejista," anasema mwalimu. "Kaa."

Kemunto anavuta pumzi. Baluni moja inajaa nusu, ya pili inalegea. Midomo yake inaanza kubadilika rangi. Nakimbilia gundi nyingine, lakini darasa limekuwa duka la vifaa vya shule, foleni imefika barabarani, na wote walio mbele yangu ni akina baba wanaonunua karatasi za manila.

"Baba, niachie mimi," Kemunto ananinong'oneza mgongoni. Hana hewa ya maneno mengi.

Anaing'oa kazi yangu yote. Anakata kipande cha tyubu ya baiskeli, anakifunga shingoni mwa chupa, anajaribu. Inavuja. Anafungua, anatazama, anafunga tena. Nanyoosha mkono nimsaidie.

"Mwache," chupa inasema. "Huyu angalau anaangalia."

Naurudisha mkono. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama hiyo.

Baluni zote mbili zinajaa. Kemunto anacheka, na kicheko chake kinanuka mpira.

"Sasa," mwalimu anasema akitoa muhuri mkobani mwake, "tumpe mzazi alama yake."

Nikaamka nikihema. Kulikuwa kumekucha. Kemunto alikuwa mezani anakunywa uji, na mapafu niliyounda yamesimama mbele yake, yameng'aa, hayana hata doa. Roho iliniuma, lakini nilimsogezea mkasi.

"Yabomoe," nikamwambia. "Unda ya kwako."

Hakuugusa mkasi. Alinisogelea, akaniinamisha kichwa, akanikodolea macho kwenye paji la uso.

"Chini ya Matarajio," alisoma polepole. "Pole, Baba. Lakini wanaruhusu kurudia."